Picha Tisa za Giza

Valeria alikuwa amepima watu kwa ultrasaundi miaka kumi na tisa pale Kilwa Masoko, na bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa kukandamiza kifaa cha kupimia. Alipoambiwa kuna mashine mpya inaletwa kwa majaribio, hakufurahi. Aliwaza tu jinsi foleni itakavyorefuka.

Mashine ilikuja na Boniface, injinia kijana kutoka Dar. Alimweleza kwamba mwanga ukiingia mwilini hutawanyika, hautoi picha safi ya kilicho ndani zaidi. Ila damu huufyonza, hupata joto kidogo sana, hutanuka, na kule kutanuka hutoa sauti. Mashine huisikiliza sauti hiyo, ikachora mishipa iliyojificha ndani.

Mwanamke wa kumi na moja kupimwa alikuwa Mwanaima, mkulima wa Kilwa Kisiwani, mwenye uvimbe kwenye titi. Kwa ultrasaundi ya kawaida Valeria aliona kivuli asichokipenda, akamwandikia siku hiyohiyo barua ya kwenda hospitali ya Lindi, akatwe kinyama kidogo cha uvimbe kikapimwe. Mashine mpya haikuonyesha kitu: utepe mweupe juu, giza chini. Weusi wa ngozi yake ulikuwa umeumeza mwanga kabla haujafika ndani.

Hadi mwisho wa wiki picha tisa, zote za wanawake weusi kama yeye, zilitoka hivyo. Boniface alimletea orodha ya picha mbovu za kuondolewa, atie saini.

"Picha si mbovu," Valeria alisema. "Mashine yenu ndiyo haiwaoni hawa. Ukiwatoa, nani atajua?"

"Mama, mradi utachelewa."

"Na uchelewe. Mimi sitii saini."

Boniface aliikunja ile orodha, akazituma picha zote Dar. Wakubwa wake walinung'unika, lakini wakabadilisha rangi ya mwanga na namna ya kuchuja sauti. Wiki tatu baadaye Mwanaima alipimwa tena. Majibu ya kinyama yalikuwa yametoka: saratani, bado changa. Safari hii mishipa ilionekana, imejisokota kuuzunguka uvimbe. Mwanaima aliitazama skrini, akauliza kama watakaompasua wataitumia picha ile. Valeria alimwambia ukweli, kwamba hawataitumia, hilo lilikuwa jaribio tu.

Mwanaima alipasuliwa, na miezi iliyofuata akarudi kwenye mihogo yake. Mashine ilifungwa kwenye masanduku ikaondoka, na hakuna aliyesema itarudi lini. Kesho yake wajawazito kumi na saba walikuwa wamekaa kwenye benchi. Valeria alivaa koti, akamwita wa kwanza.