Deni liliisha, wenyewe wakaendelea kulipa

Saa moja kasorobo asubuhi, na Mama Mifuko ameshapekua suruali tisa. Anaingiza vidole viwili, anageuza mfuko nje ndani, anaukung'uta, anaurudisha. Kwenye kibanda chake, chenye meza moja iliyotandikwa blanketi kuukuu na pasi mbili za mkaa, hakuna nguo inayoguswa na moto kabla mifuko yake haijakaguliwa.

Mpaka sasa amepata vifungo viwili, tiketi ya basi, peremende iliyoyeyuka na noti ya elfu mbili. Kila kitu kinatiwa kwenye kimfuko cha nailoni na kubanwa kwa pini kwenye nguo ya mwenyewe. Wateja ndio waliompa jina hilo, na wengine wanadai ukipoteza funguo usihangaike, nenda kwa Mama Mifuko.

"Kalamu moja ikipita chini ya pasi, ujue umeshanunua shati la watu," anasema huku akipuliza majivu. "Mimi nilishalipa shati jeupe la mwalimu mmoja. Tangu siku hiyo napekua kama askari."

Kwa miaka kumi na minne ya kazi hii amepekua mifuko ya mtaa mzima. Ya mtu mmoja tu hajawahi kuigusa, ya mume wake. "Ya watu ni kazi," anasema. "Ya Baba Kasuku ni heshima."

Heshima hiyo, msomaji, imewagharimu laki sita na elfu thelathini. Na fedha ndiyo hasara ndogo.

Mambo yalianza karibu miaka miwili iliyopita. Mume wake, fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari ya ghorofa ya pili. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Wakakopa kwenye chama cha kuweka na kukopa cha mtaa wa pili, na ukijumlisha na riba walitakiwa kurudisha laki tisa na elfu sitini, elfu kumi kila wiki. Fundi alipoweza kusimama tena, akawa analipa mwenyewe.

Wiki kumi na mbili zilikwenda vizuri. Ya kumi na tatu fundi alikosa kibarua, na mkusanyaji wa chama akaja mpaka mlangoni na kuwasema mbele ya majirani. Alipoondoka, mume na mke wakageukiana.

"Yalitoka maneno ambayo sikujua kama ninayo," anasema Mama Mifuko. "Nilimwambia kama angeangalia anapokanyaga tusingekuwa hapa. Fikiria, namwambia mtu aliyevunjika mguu! Na yeye akanijibu. Sahani zikavunjika. Tulipokuja kunyamaza, mtoto hatumwoni. Yuko chini ya meza, ameziba masikio."

Mtoto huyo ni binti yao wa pekee, wa miaka kumi na moja wakati huo. Kwa vile maneno hayamwishi kinywani, nyumbani wanamwita Kasuku.

Jioni hiyo wazazi walikula kiapo mbele yake. Habari ya deni isitajwe tena ndani ya nyumba, wala kwa wema wala kwa ubaya. Mwezi mmoja baadaye, ada ya shule ilipowashinda, Kasuku alipelekwa kwa shangazi yake, safari ya saa sita kwa basi. Aliambiwa atarudi siku deni litakapoisha.

Kila Jumapili mama alipiga simu kwa wifi yake, na swali la mtoto lilikuwa lile lile kabla hata ya salamu. "Mama, limeisha?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Mama Mifuko anasema jibu hilo alilitoa Jumapili karibu sabini. Akishakata simu, anakaa kitako sakafuni mpaka machozi yakauke, ndipo anawasha jiko.

Baada ya ule ugomvi hakuwa na imani tena kwamba mumewe ataweza marejesho. Kumuuliza hawezi, ameshaapa. Basi akaenda mwenyewe ofisi ya chama, akasema kitabu cha marejesho kimepotea, akaandikiwa kingine chenye namba ile ile na baki ya laki nane na elfu arobaini. Kila Ijumaa akasimama dirishani, akatoa elfu kumi, akagongewa muhuri, akaondoka. Shati moja analipwa mia tano. Mashati ishirini ya kila wiki, kwa hiyo, yalikuwa ya deni kabla hajanunua hata mkaa.

Aliacha sukari. Aliacha viatu vya kufunika, akabaki na ndala. Alikaa mwaka mzima na jino bovu, akitafunia upande mmoja.

"Nilimwangalia mwenzangu anavyotoka asubuhi anapiga mluzi, nikasema moyoni, huyu mwanamume kaniachia mzigo wote, wala hana habari," anasema. "Siku moja narudi nakuta kitanda cha mtoto hakipo. Anasema kilikuwa kinabana nafasi, kakiuza. Nikajua hela kazila. Nikanyamaza, si tumeapa? Lakini mwezi mzima chai yake niliitia maji mengi makusudi."

Mumewe, mtu mrefu mwenye madoa ya rangi yasiyotoka kwenye kucha, anacheka kidogo akisikia hayo. Kisha anaacha.

"Niliona chai ina walakini," anasema.

Jumatatu ya wiki iliyopita, msimamizi wa jengo moja jipya alimletea Mama Mifuko ovaroli kumi na moja za buluu. Mafundi wake walikuwa wapigwe picha na mwenye jengo, akataka wawe wamenyooka. Ovaroli hazipigwi pasi, zinafuliwa zinavaliwa, na Mama Mifuko alicheka sana. Zote zilifanana. Hakujua kwamba mojawapo ni ya mume wake, maana fundi hubadilisha kazi kila baada ya miezi miwili na habari za kazi, nazo zikiwa zinakaribia habari za hela, zilishaacha kuzungumzwa.

Kwenye ovaroli ya saba, mfuko wa kifuani, vidole vyake vikagusa kitu kigumu kilichofungwa ndani ya karatasi ya nailoni.

"Nikaona kitabu cha marejesho. Wazo la kwanza, nimekidondosha changu. Nikashika kifua, changu kipo."

Akakifungua. Jina la mumewe. Mwandiko wa mkusanyaji, ambaye kwa mafundi huwafuata kazini kila Jumatatu. Elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi, tangu ile wiki ya ugomvi mistari sabini na minne bila kuruka hata wiki moja. Chini kabisa imeandikwa baki, laki moja.

Akatoa cha kwake. Mistari sabini na mitatu, wiki moja aliugua. Baki, laki moja na elfu kumi.

Namba ya mkopo kwenye majalada yote mawili ni moja.

"Nilisoma ile namba mara nne. Nilitaka kupiga kelele, sauti haitoki, mdomo wazi tu kama samaki." Pasi aliisahau juu ya ovaroli. Anatuonyesha tundu la kahawia, kubwa kama kiganja, kwenye ovaroli inayoning'inia ukutani. Ni mara yake ya kwanza kuunguza nguo, na ya nani? Ya mume wake.

Alikwenda mbio mpaka kwenye jengo, ndala moja mkononi kwa kuwa ilikatika njiani. Fundi alikuwa juu ya ngazi. Mkewe akavinyanyua vitabu viwili, na fundi, anavyosimulia mwenyewe, akadhani mtu amekufa.

"Nilishuka polepole, nisije nikaanguka tena tukakopa tena," anasema.

"Hiki cha nani?" mke aliuliza.

"Changu."

"Na hiki?"

Fundi alikipokea, akakitazama mbele na nyuma. "Mama Kasuku, wewe ulikuwa unalipa?"

"Wewe ulikuwa unalipa?"

Wakasimama hapo wakikodoleana macho, na mafundi wengine wakaacha brashi. Fundi alikuwa akienda kazini kwa miguu, mguu wenye chuma, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, ili nauli iingie kwenye kitabu. Alikuwa akipiga mluzi ili mkewe asimwone anavyochechemea. Kitanda alikiuza wiki ambayo kibarua kilikosekana, na fedha yake yote aliipeleka kwa mkusanyaji.

"Na mimi nilimwona yeye kama ameamua hayamhusu," fundi anasema. "Nikasema sawa, mimi ndiye nilianguka, acha nilipe."

Mchana ule ule walikwenda ofisi ya chama. Karani, kijana mpole mwenye miwani, alifungua leja kubwa, akashuka na rula mstari kwa mstari. Walikuwa wamelipa mara mbili kwa kila wiki, na deni lilikuwa limeisha wiki thelathini na mbili nyuma. Zaidi ya miezi saba.

"Mbona hamkutuambia?" Mama Mifuko aliuliza.

"Mama yangu, dirishani tunaandika tunachopokea tu, na baki tunaitoa kwenye kitabu ulichokuja nacho. Nawe hukuwahi kuuliza baki ya leja. Kila Ijumaa unasema andika kumi, unaondoka. Kwenye leja ilipozidi, tukaona mmeamua kuweka akiba. Tukaiweka kwenye fungu la akiba zenu. Ipo yote, laki sita na elfu thelathini."

Mwandishi wa makala hii alifika ofisini hapo kwa nia ya kutafuta mwizi, na anakiri kwamba hakumpata. Mkusanyaji aliwasilisha kila senti. Karani aliandika kila senti. Nimeyasoma yale marejesho mstari kwa mstari, hakuna hata sifuri iliyopinda, na bado nilitoka pale kichwa kinaniuma. Watu wawili wanaolala kitanda kimoja walikuwa wakiuguza jeraha moja, kila mmoja akidhani mwenzake ni mzima.

Karani hakuishia hapo. Alifunga leja, akatabasamu.

"Hata hivyo, hongereni. Wateja kama nyinyi ni wachache. Mnastahili mkopo mkubwa zaidi."

Fundi anasema hapo mkewe alianza kucheka. Alicheka mpaka watu wa foleni wakacheka pia, kisha wakaona machozi, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Nilikuwa sifikirii hela," anasema Mama Mifuko. "Nilikuwa nahesabu Jumapili. Thelathini na mbili. Mwanangu kaniuliza mara thelathini na mbili limeisha, nami namjibu bado, na limeisha! Nimemdanganya mtoto kwa mdomo wangu huu. Kavunja ungo kwa shangazi yake, mimi sipo. Nilimwonea uchungu kwa simu."

Fedha waliipokea Alhamisi. Fundi amenunua kitanda kipya cha mbao na kukipaka rangi ya manjano mwenyewe, tabaka mbili za rangi, na harufu yake bado imejaa chumbani. Ada imetengwa kwenye bahasha. Jino limeng'olewa. Kiapo nacho kimevunjwa rasmi. Juzi walibishana bei ya godoro kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

"Upo!" Mama Mifuko alimjibu. "Tunaongea tu!"

Lakini kuna jambo ambalo bado halijaongelewa likaisha. Jumapili, Kasuku alipouliza swali lake, mama alimwambia limeisha. Upande wa pili kukawa kimya, kimya ambacho kwa mtoto yule hakikuwahi kusikika. Kisha akauliza, "Lini?"

Mama akampa baba simu. Baba akamrudishia mama. Mwishowe wakasema kwa pamoja, tunakuja Jumamosi.

Fundi anataka wamwambie limeisha wiki hii. Mtoto ni mtoto, anasema, furaha yake isitiwe doa. Hata shangazi mtu anaona hivyo. Mke amekataa katakata, na asubuhi hii, huku akiipitisha pasi taratibu kwenye gauni dogo la shule alilolishusha pindo kwa kukisia urefu, anaeleza kwa nini.

"Tulimficha kelele tukamletea kimya, ona kilichotokea. Sirudii." Analikunja gauni na kuliweka kwenye mkoba wa safari. Kisha anatoa kifuani vitabu viwili, anavibana pamoja kwa pini, kama vitu vya mteja, na kuviweka juu ya gauni.

"Kasuku ni hodari wa hesabu, aliwahi kuwa wa pili darasani. Nitampa hivi na kalamu, ajumlishe mwenyewe. Ataona ni wiki ngapi. Na mimi na baba yake tutakaa mbele yake, hatuondoki, mpaka amalize kuhesabu."

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi tatu za kurudi ameshazikata.