Dereva wa theluji anayeifuata nyotamkia

Jua limetua nyuma ya milima ya Rodopi, kusini mwa Bulgaria, na Zdravka Kehayova anavua glavu ya mkono mmoja kwa meno. Mkono mwingine umeikumbatia darubini yenye kamera, isitikisike na upepo. "Leo au basi," anasema.

Kazi yake ni kuendesha gari la kuondoa theluji. Kwa miaka kumi na tisa amewafungulia njia madereva wa mabasi, wakunga na wauza jibini. Akiwa mapumzikoni hupiga picha za nyotamkia, zile za mbali na hafifu ambazo macho matupu hayazioni.

Nyotamkia ya leo ameifuatilia tangu kiangazi. Sasa inalikaribia Jua, na kila jioni inazidi kumezwa na mwanga wa machweo. Wataalamu wanasema huenda joto likaisambaratisha. Mawingu yaliifunika kwa wiki tatu. Yalipofunguka, ilikuwa imebaki jioni moja tu ya kuiona, naye alikuwa na zamu ya kazi.

Alimwomba mwenzake, Metodi Shishkov, wabadilishane. Hakutarajia akubali, maana Metodi ndiye aliyemcheka miaka yote. Mwezi uliopita alitazama picha yake moja akauliza kama ni nyota au tone la mtindi.

"Nenda, dada," Metodi alimwambia safari hii, akichukua funguo. "Ila usiniletee mtindi tena."

Zdravka anapiga picha arobaini, kila moja ya sekunde chache, kabla nyotamkia haijagusa kilele cha mlima. Ndani ya gari lake, kompyuta mapajani, anazipanga moja juu ya nyingine nyotamkia ikae palepale katika kila picha, kwa hiyo nyota zote zinavutika kuwa mistari. Katikati ya mistari linabaki doa la kijani. Anaongeza mwanga kidogo. Doa lina mkia.

Metodi anafika akiwa ameshamaliza kusafisha barabara, theluji mabegani. Anainama dirishani na kuitazama picha.

"Inakwenda peke yake hivyo?" anauliza.

"Peke yake."

Anaomba atumiwe picha hiyo, akamwonyeshe mkewe.

Ikinusurika, nyotamkia itatokea upande wa pili wa Jua, alfajiri, majira ya machipuko. Zdravka ameshaomba likizo na kuchagua pa kusimama, kwenye kona anapogeuzia gari kila siku.

"Na ikisambaratika huko?" Metodi anauliza.

Anafunga kompyuta. "Nitakwenda tu. Imetoka mbali mno, lazima awepo mtu wa kuipokea."