Boya la Wavu

Barua ya kunipunguza kazini iliandikwa na msimamizi wetu wa karakana. Sitamsitiri: ni yeye, kwa mkono wake. Kiwanda cha pamba kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi na wengi tukaondolewa. Barua za wenzangu zilisema kazi zimepungua. Yangu ilisema "hana ujuzi", eti kwa kuwa niliishia darasa la nne. Na nyumba ya kiwanda niliyokaa pale Igogo, akahamia yeye.

Nyumba hiyo ilikuwa na choo cha kuvuta, tangi lake la chuma, la zamani. Boya lake, lile linalofunga maji tangi likijaa, lilitoboka, likajaa maji, likazama. Maji yakawa hayakatiki, yanafurika mpaka sebuleni. Spea hakuna mji mzima. Nikaomba boya la wavu kwa mvuvi, nikalifunga kwa waya mahali pa lile bovu, na mpira wa kuzibia nikaukata kwenye soli ya ndala. Miaka sita, halikuvuja hata tone.

Siku ya kuhama nilifungua vilivyo vyangu tu. Boya na kipande cha ndala nikatia kwenye kapu.

Nilipanga chumba Buzuruga. Viwanda viwili vya minofu ya samaki vilinikataa. Wanasoma ile barua, wakifika kwenye ujuzi wananirudishia. Bila neno hilo kufutwa, kazi sipati.

Jumapili moja mchana msimamizi akapiga hodi. Alikuwa ameita mafundi watatu, wote na vyeti vyao, wameshindwa. Zulia limeoza, sasa koki ya nje imefungwa, nyumba nzima inabeba ndoo.

"Bwana fundi," akaniita. Miaka yote kiwandani alikuwa ananiita wewe. "Njoo unisaidie."

Nikamwambia aandike kwanza kwamba nina ujuzi. Akacheka, akaona mimi sicheki. Kesho yake akaja na barua mpya, ina mhuri. Nikaisoma mara mbili, polepole, yeye kasimama juani.

"Haya, twende basi," akasema.

"Yule asiye na ujuzi angekuja," nikamjibu. "Huyu wa kwenye barua ana shughuli."

Wiki hiyohiyo barua ikanipa kazi ya mabomba kwenye kiwanda cha minofu. Boya nikalitundika msumarini, juu ya mlango. Nasikia alibeba ndoo mpaka alipokibomoa kile choo. Huruma sijamwonea, hata leo.