Koti la Kwendea Hospitali

Nina hasira, na sitaificha.

Karibu miaka miwili kuna mwanamume alikuwa analala kwenye baraza ya mashine ya kusaga, jirani na banda langu la chai pale Iyunga. Zamani alikuwa kibarua wa mpunga Chimala. Kichwa kikamvurugika, akaanza kusikia watu wanamtukana, mwisho akaishia barabarani. Mimi ananiita dada. Akichomwa sindano yake ya kila mwezi anatulia, anafagia mbele ya banda, tunataniana. Akiikosa, balaa. Mwezi ule aliikosa, akawa anasimama katikati ya lami anasimamisha malori kwa mkono. Nikasema, huyu atakanyagwa huku namwangalia.

Nikafunga banda. Sasa kwetu hospitali huendi mchafu, hata uwe unakufa. Mama yangu alituogesha kwanza ndiyo tupelekwe na homa zetu. Basi nikamchemshia maji, nikamnyoa ndevu, nikamvalisha koti la marehemu mume wangu. Jamani, alipendeza! Wenye bodaboda wakampigia makofi.

Kupendeza huko ndiko kulikotuponza. Ofisa ustawi wa jamii wa pale hospitali, ambaye ndiye anatoa msamaha kwa wasio na uwezo wa kulipia matibabu, alimtazama juu mpaka chini.

"Mama, huyu ndiye hana makazi? Na koti hili?"

"Nimempa mimi."

"Basi ana ndugu. Ndugu amlipie."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikamwambia analala nje na baridi yote hii ya Mbeya, aulize mtaa mzima. Wapi! Angekuja ananuka wangemfukuza getini, nimeshuhudia kwa macho yangu. Kaja safi, anaambiwa si maskini. Sasa mnataka aje vipi?

Ofisa akavuta fomu, akashusha pumzi. "Mama, tusichoshane. Ni ndugu yako, au si ndugu yako? Kama ni ndugu, msamaha hakuna."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono juu ya magoti, anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa nayawaza yale malori tu.

"Si ndugu yangu," nikasema. "Simjui. Nimemwokota barabarani."

Muhuri ukagongwa palepale.

Kwenye chumba cha sindano nikataka kumshika mkono, maana huwa anaogopa. Akautoa, taratibu tu, bila ugomvi. Sindano ikaingia, hakutikisika. Muuguzi akafungua kadi mpya, akamuuliza kama anavyomuuliza kila mgonjwa: "Siku ukizidiwa, tumpigie nani simu?"

Tangu asubuhi alikuwa hajasema neno la kueleweka. Safari hii alisema vizuri kabisa, bila kunitazama.

"Hakuna mtu. Amesema mwenyewe."