Chupa za Mtafiti wa Nzi

Juzi pale stendi ya Buzuruga, Mwanza, kwenye dirisha la mizigo la basi la mtu binafsi, nilimkuta mtafiti mmoja mwenye mvi akipokea chupa zake kutoka Morogoro. Karani alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mzigo wako uliingiwa na nzi wadogowadogo. Nimewapulizia dawa, nikawafuta wote. Ule uji wa ndizi uliokuwa chupani nimekubakizia."

Mzee alisahau hata kuitikia. Alinyanyua chupa moja, akaigeuza juani. Halikuwamo hata bawa.

"Mwanangu," alisema polepole, "hao nzi ndio mzigo."

"Nzi, mzee? Wapande basi waje Mwanza?"

"Nachunguza wanavyorithishana maumbile. Miaka sita nawazalisha. Kila mmoja namjua mpaka babu yake."

Karani alivua kofia. "Basi pole sana kwa msiba, mzee."

Nami ndiye niliyekuwa nalilia huduma bora kwenye safu hii! Enzi za mabasi ya serikali, mzigo ule ungelala stoo mwezi mzima bila mtu kuugusa, na mzee angepokewa na vitukuu vya nzi wake.