Maneno Yaliyokufa Katika Uwanja wa Onduparaka

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Mimi riziki yangu ni kukodisha spika: harusini, kanisani, na kwenye mechi za mtaani kwetu Onduparaka. Siku moja mtangazaji wetu alikaukiwa na sauti katikati ya mchezo, watu wakanigeukia mimi. Mimi nikishika kipaza sauti sina la kusema zaidi ya "halo, halo". Dada, aliyekuja kutazama tu, akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Shida ilikuwa moja. Wanafunzi wake walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja, na kwetu mtangazaji asiyewatukana wachezaji kidogo huonekana kama anasinzia. Beki wetu alipoachwa nyuma kwa mara nyingine, dada akasema kwa heshima zote, "Beki wetu ni slugabed."

Watu wakageuka kumtazama.

"Slugabed," akaeleza taratibu kama yuko darasani, "ni mtu anayelala mpaka jua linamkuta kitandani."

Walicheka mpaka beki mwenyewe akacheka.

Neno hilo dada alilitoa kwenye kamusi ya Kiingereza ya marehemu baba, aliyekuwa karani kule Koboko. Baba mwenyewe aliipata ikiwa imekwisha kuzeeka, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu, herufi ndogo kama punje za simsim. Maneno ambayo Waingereza wenyewe wameyaacha yamewekewa alama ya msalaba mdogo, na dada aliyapenda hayo kuliko yote. Nakumbuka aliwahi kuniita kutoka jikoni, mikono ina unga, anionyeshe neno overmorrow.

"Keshokutwa!" alisema. "Walikuwa na keshokutwa yao, wakaitupa. Sasa ni lazima wazunguke na maneno manne."

Alifurahi kana kwamba tumewafunga goli. Mimi sikuona la maana. Nilidhani ni ulevi wake tu, kama wengine wanavyopenda muziki. Lakini baada ya mechi ile, kila Jumapili alikuja uwanjani na kamusi ndani ya mfuko wa sokoni, na nikaona watu wanawahi kufika ili wasikose neno la siku.

Kisha timu ya Koboko ikaja kucheza nasi. Dakika za mwisho, mshambuliaji wao alipiga mpira, ukapenya wavu uliotoboka na kutokea nyuma. Waliokaa upande mmoja waliona umeingia, waliokaa upande mwingine wakaapa umepita nje ya mlingoti. Refa, kijana mwembamba kutoka Inde, akapuliza filimbi: goli. Watu wetu wakamiminika uwanjani. Nikaona mmoja ameng'oa kibendera cha kona, amekishika kama rungu.

"Dada, tufunge vyombo twende," nilisema. Nilikuwa nawaza spika zangu.

"Usizime," alisema, huku anafunua kamusi. Akitaka aeleweke na kila mtu, dada huacha Kiswahili cha shule na kushika kile cha sokoni.

"Wazee, vijana, sikiliza! Neno iko hapa, ya zamani sana. Noumpere. Hivyo ndiyo Wazungu ya zamani naliita refa. Na maana yake iko hapa: mutu hana mwenzake."

Kelele zikapungua kidogo.

"Sisi iko kumi na moja. Koboko iko kumi na moja. Huyu iko peke yake. Angalia yeye. Nani hapa iko mwenzake?"

Watu wakamtazama refa. Nadhani wengi ndipo walipomwona kwa mara ya kwanza, filimbi bado mdomoni, mikono imekumbatia kifua. Kipa wetu, ambaye tangu goli lile alikuwa ameinama golini kwake, akapasua umati, akaenda kusimama ubavuni mwake.

"Mpira iliingia," alisema. Dada alikuwa amemfikia tayari na kipaza sauti, kwa hiyo tulisikia sote. "Mimi naliona."

Tukafungwa moja bila, katika uwanja wetu wenyewe. Jirani mmoja alimpitia dada nyumbani kwetu akamwambia, "Mwalimu, umetuuza." Dada akamjibu kwamba yeye amesoma tu kilichoandikwa, akamkaribisha chai. Jirani alikataa chai. Mimi nilibaki nimesimama, nikimtazama huyu mtu niliyekua naye nyumba moja, nikijiuliza ujasiri ule alikuwa ameuweka wapi miaka yote.

Hazikupita wiki nyingi, simu ikaja kutoka Koboko. Wana mechi huko kwao Dranya, wanataka spika. "Na uje na ile mwalimu," walisisitiza.

Tulikuta uwanja umepakana na mashamba ya mihogo. Wanaume wengine walikuwa bado na kanzu zao za msikitini, na wanawake wenye mabeseni ya karanga walikuwa wamejipanga mbele kabisa. Kila baada ya muda walipaza sauti: "Neno! Neno, mwalimu!" Naye akawapa, moja baada ya jingine, hadi jua likaanza kuzama na mpira ukawa hauonekani vizuri.

"Mchezo unakaribia kuisha," alitangaza, "maana sasa ni cockshut. Kamusi inasema, ni saa ya kufungia kuku."

Mama mmoja wa karanga aliruka kutoka alipokaa. "Yesu! Kuku zangu!"

Akajitwika beseni na kukimbia, wenzake wawili wakimfuata, uwanja mzima ukiwashangilia kuliko ulivyoshangilia wachezaji. Refa naye alicheka hata akashindwa kupuliza filimbi, ikabidi dada amalize mechi kwa kipaza sauti. Ilikuwa sare ya bila kufungana, na sijawahi kuona watu wakitoka uwanjani na furaha namna ile.