Mbwa mzee wa muzungu amepata kwake

Ndugu zangu, leo nimeshinda, lakini si kwa maneno yangu!

Muzungu wa kampuni ya pamba amerudi kwao Ulaya, akaacha mbwa wake mzee barazani. Polisi akasema mbwa asipopata mwenyewe mupya leo, kesho atapigwa risasi.

Nikamwambia, "Niachie miye. Hapa Uvira nani anajua kusema kunishinda?"

Nikamupeleka kwa Mama Nabintu, ule mujane wa kando ya ziwa. Viboko wanamumalizia mahindi.

"Mama, huyu iko mukali! Viboko wenyewe wanamukimbia."

Sijamaliza kusema, mukali wangu akalala juu ya miguu ya mama, akakoroma.

Haya basi.

Mama akamufungua kinywa. Meno mawili tu! Akacheka mpaka akakaa chini.

"Muzee, weye muongo. Mbwa wangu aliyekufa alikuwa mukali kweli, hata majirani waliacha kuja kunisalimia. Huyu uniachie."

Akamulainishia bugali kwa muchuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa.

Nikaaga. Mbwa hakuinua hata kichwa.

Sawa. Lakini semeni ukweli: bila miye, nani angemufikisha pale?